Kony 2012 ilivyonifundisha kuchambua ushawishi kwenye filamu fupi

Mkuu, umesema chuoni wamekupa kazi ya kuchambua mbinu za ushawishi kwenye filamu fupi ya hali halisi, na kila ukikaa kuandika unaishia kwenye "inagusa hisia" kisha kalamu inagoma. Nami niligota hapohapo nikiwa mwaka wa pili. Filamu niliyoichagua ilikuwa Kony 2012.

Kwa ambaye hakuiona: shirika la Kimarekani la Invisible Children liliiweka mtandaoni tarehe 5 Machi 2012. Ina kama dakika 30, na ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Nia yake ilikuwa kumtangaza Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) waliotokea kaskazini mwa Uganda, mpaka dunia nzima imjue na akamatwe kabla mwaka haujaisha.

Mara ya kwanza tuliitazama bwenini kwenye laptop ya mwenzangu, watu wanne juu ya kitanda kimoja. Nililia. Usiku uleule nikaandika kurasa tatu, nikakabidhi. Mwalimu alinirudishia na sentensi moja ya wino mwekundu: "Umeeleza ulivyojisikia. Hujaeleza umefanywa nini hadi ukajisikia hivyo."

Basi nikachukua karatasi, nikaipiga mistari nipate safu nne: dakika, kinachoonekana, kinachosikika, ninachotakiwa kuhisi au kuamini. Nikairudia filamu mara mbili, kwanza nimezima sauti, kisha nimefumba macho nasikiliza tu. Fanya hivyo hata kama unaona uvivu. Sauti ikizimwa, nilichokiona zaidi si vita ya Uganda. Niliona mtoto wa Kimarekani anazaliwa, anakua, anacheza, halafu vijana wenzake wa huko wamejaa barabarani na mabango mekundu.

Kuna tukio moja ambalo lilinifungua macho. Jason Russell, aliyeongoza filamu na ndiye msimulizi, amekaa mezani na mwanawe Gavin, mtoto mdogo sana. Anamwekea picha mbili: huyu ni Kony, mtu mbaya, huyu ni Jacob, kijana wa Uganda ambaye ndugu yake aliuawa na waasi. Mtoto anasikiliza, anapata jibu lake, imeisha. Sasa angalia meza ile inavyofanya kazi. Vitabu vinasema, kwa kumfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba msemaji hushawishi kwa sifa yake, kwa hisia za wasikilizaji na kwa hoja. Pale mezani vyote vitatu vimefungwa fundo moja. Sifa: anayesema ni baba, na baba anayemweleza mwanawe mambo ya dunia tunamwamini hata kabla hajamaliza. Hisia: uso wa mtoto. Hoja: vita ya miaka zaidi ya 20, yenye serikali, jeshi, kambi za wakimbizi wa ndani na historia ndefu ya kaskazini, imebaki picha mbili. Nawe mtazamaji umeketishwa kwenye kiti cha yule mtoto. Ukitaka kuuliza swali gumu, unajiona kama unabishana naye.

Usichanganye jambo hili: kugusa hisia si kudanganya. Jacob anapolia akimtaja ndugu yake, kile ni kilio cha kweli. Kazi yako ni kuonyesha kimewekwa wapi na kinafuatwa na nini. Kinafuatwa na ahadi ya Russell kwamba watamzuia Kony, na kuanzia hapo filamu inaanza kukudai wewe utimize ahadi ya mtu mwingine.

Vingine nitavipitia haraka. Kiongozi wa mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) wakati huo, Luis Moreno Ocampo, anaonekana humo, na mahakama yake ilikuwa imetoa hati ya kumkamata Kony tangu 2005. Hiyo ni heshima ya kuazima. Kuna kukubana kwa muda pia: mwanzoni unaambiwa dakika 27 zijazo ni jaribio, kampeni ina mwisho tarehe 31 Desemba, mabango yabandikwe usiku wa 20 Aprili.

Kwenye hoja, tafuta kilichosemwa kwa nusu sentensi. Kwamba LRA walishahamia nchi nyingine kimetajwa, ila kinapita kama upepo. Ukweli ni kwamba kufikia 2012 walikuwa na miaka kadhaa nje ya Uganda, wakiwaumiza watu wa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Mtazamaji anamaliza filamu akidhani Gulu, mji wa kaskazini mwa Uganda, inawaka leo.

Darasani tulikuwa na dada mmoja kutoka Lira, mji mwingine wa kaskazini mwa Uganda. Tarehe 13 Machi mwaka ule filamu ilionyeshwa mjini kwao, hadharani, na watu waliopoteza ndugu wakaja kuitazama. Walikasirika hadi mawe yakarushwa. Kilichowachoma, alituambia, ni kuona jina la Kony kwenye fulana na bangili za kuuza. Nilinyamaza, maana mimi nilikuwa nimeitamani ile bangili. Jioni nikaongeza safu ya tano kwenye karatasi: "anaambiwa nani?" Safu hiyo ndiyo iliyojibu karibu kila kitu, maana filamu ile haikuwa ikizungumza na watu wa Lira hata dakika moja.

Rasimu ya pili sikuigawa sehemu tatu za sifa, hisia na hoja. Niliandika juu ya ile meza peke yake, kurasa nne, nikitoka nje ya tukio pale tu nilipohitaji ushahidi. Wewe tuambie filamu yako ni ipi na ni tukio gani linalokurudia kichwani ukishaifunga, tuanze na hilo.