Zanzibar kwa mfuko wa mwalimu

Mhariri, mmeuliza wiki hii: mtu wa kipato cha kawaida anawezaje kutembelea Zanzibar bila kurudi na madeni? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Nilikwenda na mke wangu likizo ya Juni, masika yamekwisha na wageni wa Julai hawajajaa. Ninavyoona, nauli haimfilisi mtu. Kinachomfilisi ni kushuka bandarini amechoka, hajui atalala wapi.

Tulipanda basi la usiku, alfajiri tukawa Stendi ya Magufuli pale Mbezi, tukawahi boti ya asubuhi. Kwa hiyo hatukulipia gesti Dar. Safari ya boti huchukua muda wa kama saa 2. Beba kitambulisho cha taifa, maana raia hulipa kwa shilingi, na nauli yake ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje.

Tuliumia Malindi, kwenye bandari ya Unguja. Papasi, ndivyo wenyeji wanavyowaita vijana wanaodaka wageni bandarini, alilipokea begi la mke wangu kwa upole, akatupeleka nyumba ya wageni ndani ya Mji Mkongwe. Bei ilikuwa na posho yake ndani. Tukalipa. Kesho yake mama muuza vitumbua akatuelekeza Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, tukapata chumba safi kwa chini ya nusu ya bei ile. Tafuta chumba kwa simu kabla hujaondoka nyumbani. Kama humjui mtu, uliza msikitini au kanisani kwako. Moshi hii haikosi mwenye ndugu Unguja.

Kula Ng'ambo pia, urojo wa huko unashibisha. Forodhani, bustani ya kando ya bahari wanakouza vyakula, nenda jioni, ila uliza bei kabla mshikaki haujawekwa motoni. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana.

Sasa bahari, na hapa naomba ndugu zangu wa bara mnisikilize. Tulipanda daladala namba 309 hadi Jambiani, pwani ya mashariki, tukafika saa saba mchana, tukakuta bahari haipo! Mchanga mtupu hadi mbali, na kina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani. Mke wangu alinyong'onyea. Mzee mmoja mvuvi akatukalisha kivulini, akatueleza: maji hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupwa sana na kujaa sana. Tukangoja. Saa kumi jioni tulikuwa tunaogelea palepale tulipokuwa tumekanyaga mchanga. Basi muulize mwenyeji saa za maji kabla hujalipa nauli ya kwenda pwani ya mashariki.

Asiyetaka hesabu hizo aende Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, daladala namba 116. Huko unaogelea hata maji yakipwa. Kulala ni ghali, kwa hiyo nenda asubuhi, urudi mapema jioni. Ukipita vijijini jifunge kanga au vaa suruali ndefu. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

Viungo tulinunua sokoni Darajani siku ya mwisho, kwa kupima, pale wanaponunua akina mama wa mjini. Iliki ile bado tunaitia kwenye chai.