Fayawoli yako umeijaribu au umeithibitisha?

*Nimeweka sheria ya kuzuia kompyuta za wageni zisifike kwenye seva ya mishahara. Bado zinaingia. (Fundi, Mwanga, Kigoma)*

Fundi, soma orodha yako kuanzia juu. Fayawoli nyingi, yaani vichujio vya mawasiliano ya mtandao, hufuata sheria ya kwanza inayolingana na pakiti (kipande cha data kinachosafiri), na zilizo chini yake haziulizwi tena. Katika nakala uliyotuma, sheria ya 3 inaruhusu 10.0.0.0/8 yote (kila anwani inayoanza na 10) kufika kwenye seva. Yako ya 11 inazuia 10.20.5.0/24, yaani anwani za wageni zinazoanza na 10.20.5. Kila anwani ya wageni imo ndani ya ile ya 3, kwa hiyo ya 11 imefunikwa na haitafanya kazi hata siku moja. Ipandishe juu ya ya 3.

*Nikipima kwa ping na haipiti, si inatosha? (Ujiji)*

Haitoshi, dada. Mimi niliwahi kupima hivyo kwa kompyuta mbili, zote zikagoma, nikafunga ofisi nikaenda zangu. Ping, ambayo huuliza tu kama kompyuta inaitika, hutumia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya ICMP. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa itifaki nyingine, TCP, poti (namba ya mlango) 3389. Kesho yake mtu alikuwa ndani ya seva. Hesabu mwenyewe: anwani mbili za IPv4 (ya mtumaji na ya mpokeaji) zina biti 32 kila moja, poti mbili biti 16 kila moja, itifaki biti 8. Jumla biti 104, yaani michanganyiko ambayo idadi yake ina tarakimu 32. Huwezi kuijaribu mmoja mmoja; inabidi uithibitishe yote kwa mantiki.

*Sasa hiyo mantiki inafanyaje? (Kasulu)*

Kila sheria ni sentensi ya "ikiwa… basi". Unaziandika zote kwa mpangilio wake, kisha unaipa programu ya kutatua mantiki, kama Z3 iliyotengenezwa Microsoft Research. Hapo unauliza kinyume cha unachotaka: je, ipo pakiti hata moja ya mgeni inayofika kwenye seva? Ikijibu haipo, imejibu kwa pakiti zote, bila wewe kutuma hata moja. Ikiwa ipo, inakutajia anwani na poti yake. Jibu hilo la pili ndilo ninalolipenda zaidi, maana unajua pa kuziba.

*Ofisi yetu ina sheria saba tu. Nasi tujisumbue? (Tabora)*

Saba zinasomeka kwa macho. Zikifika mia, ziachie programu. Ila sheria zichukue kwenye ruta inayofanya kazi sasa hivi, si kwenye faili la mwaka jana. Uthibitisho unahusu kile ulichoipa programu tu.