Nembo ya SVG kuganda ndani ya Kdenlive

Ndugu uliyeuliza kwa nini nembo yako ya SVG (faili la mchoro linaloweza kuwa na mwendo) inaganda ndani ya Kdenlive, programu ya kuhariri video: faili lako halijaharibika. Kdenlive huisoma SVG kama picha ya kawaida tu, ndiyo maana nembo imeganda badala ya kucheza. Ukiwa na Kdenlive toleo la 22.08 au jipya zaidi, sakinisha Glaxnimate, programu ya kutengeneza michoro inayocheza; hizo mbili zinafanya kazi pamoja. Ukikwama, itoe nembo kama mfululizo wa picha za PNG, idadi ya fremu kwa sekunde iwe ileile ya mradi wako, kisha uuingize kama klipu moja. Video ya MP4 ya H.264 achana nayo: haibebi uwazi (sehemu tupu zinazoonyesha kilicho nyuma), utaishia na boksi nyuma ya nembo (mimi lilinikesha usiku mzima). Na toa kwa ukubwa uleule utakaoutumia kwenye video. Ikishakuwa PNG, ukiikuza inafifia kingo.