Usiiamini sda: majina ya diski unaposakinisha Linux kwenye mashine pepe

Miongozo mingi ya kusakinisha Linux inakuambia uandike /dev/sda, yaani jina la diski ya kwanza, basi uendelee. Unawasha mashine pepe yako, unaandika lsblk, amri inayoorodhesha diski, unakuta vda. Hakuna sda popote. Wengi wanaoanza hudhani wameharibu kitu, wanaifuta mashine na kuiunda upya, na vda inarudi vilevile. Hamjaharibu kitu, wadogo zangu. Jina hilo linatokana na aina ya kontrola (kifaa kinachosimamia diski) ambayo diski imeunganishwa nayo, na kontrola huchaguliwa na programu inayoendesha mashine pepe, au na mtu aliyeiunda bila kujua kwamba amechagua.

KVM, mfumo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, ikitumia kontrola ya virtio-blk, utaona vda. Hamishia diski hiyohiyo kwenye virtio-scsi au SATA, inakuwa sda. Ndiyo maana mtu wa Proxmox na mtu wa virt-manager, programu mbili za kusimamia mashine pepe, wote wanatumia KVM lakini hawaoni jina moja. VirtualBox kwa kawaida hutoa SATA, kwa hiyo sda. Xen, mfumo mwingine wa mashine pepe, hutoa xvda. Ukichagua NVMe utapata nvme0n1, na patisheni yake ya kwanza ni nvme0n1p1. Hiyo p iangalieni vizuri, maana skripti inayochukua jina la diski na kubandika 1 mwishoni hufanya kazi kwenye sda na vda, ikifika hapo inakwama. Kwenye AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, seva za kizazi cha Nitro zina lake pia: unaambatisha diski kwa jina /dev/sdf kwenye ukurasa wa usimamizi, ukiingia ndani ya Linux unaikuta ni nvme1n1.

Hayo yote ni mepesi kwa sababu unayaona mara moja. Lililo zito ni mpangilio wa herufi. Kerneli, yaani kiini cha Linux, haijaahidi kwamba sda ya leo itakuwa sda ya kesho. Inatambua vifaa vingi kwa pamoja, na kinachojitokeza mapema ndicho kinachopewa herufi ya mwanzo, kama namba ya foleni hospitalini: inasema umefika wa ngapi, haisemi wewe ni nani. Mashine yenye diski moja inaweza kukaa mwaka mzima bila kukuonyesha tatizo hili. Ongeza diski ya data, ongeza kontrola ya pili, au pandisha toleo la kerneli, halafu siku moja diski ya mfumo na diski ya data zinaamka zimebadilishana majina. Hata faili la XML la libvirt (programu inayosimamia mashine pepe za KVM), lile lenye target dev='vdb', halikuhakikishii kitu; nyaraka za libvirt zenyewe zinasema jina hilo ni kidokezo cha mpangilio tu, na ndani ya mashine linaweza kuwa tofauti.

Sasa fikiria mtu ambaye jana aliona diski tupu ikiitwa sdb, leo amewasha mashine na anaandika mkfs.ext4 /dev/sdb, amri ya kuunda mfumo mpya wa faili, kwa kumbukumbu. Mkfs ikikuta mfumo wa faili ndani ya diski ambayo haijapachikwa (mount), inauliza swali moja, unajibu y, data imekwenda. Ukiwa kwenye skripti na umeweka -F, haikuulizi kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza huifanyi ndani ya Linux, unaifanya wakati wa kuunda mashine. Kama diski ni mbili, usizipe ukubwa sawa. Weka ya mfumo GB 20 na ya data GB 50, hata kama GB 20 zingetosha kote. Kwenye skrini ya kisakinishi, ambako maelezo ni machache na una haraka, ukubwa ndiyo alama itakayokuokoa. Pia ipe kila diski namba ya seriali. Kwenye libvirt ni kipengele cha serial ndani ya disk. Kwa virtio-blk isizidi herufi 20. Ukiiandika data01, ndani ya Linux utaipata kama /dev/disk/by-id/virtio-data01, na njia hiyo inaifuata diski yenyewe popote herufi zitakapoangukia. Usipoiweka, diski ya virtio-blk haitakuwa na jina lolote kwenye by-id. Watu wengi wanaruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo muhimu kuliko zote.

Kabla ya amri yoyote inayofuta, andika lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,FSTYPE,UUID,MOUNTPOINT. Soma ukubwa na seriali kwanza, jina baadaye. Fanya hivyo kila mara unapowasha mashine, hata kama ulishafanya asubuhi.

Kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachika mfumo unapowaka, tumia UUID, namba ya kipekee ya mfumo wa faili. Visakinishi vya kisasa hufanya hivyo vyenyewe. Makosa huingia pale unapoongeza diski ya data kwa mkono na kuandika /dev/sdb1. Jina likihama, systemd, programu inayowasha huduma za mfumo, huisubiri diski kwa sekunde 90, kisha inakutupa kwenye hali ya dharura, na seva iliyo mbali huwezi kuifikia kwa SSH. Kwa diski ambayo mfumo unaweza kuwaka bila hiyo, ongeza nofail kwenye mstari wake, ili mfumo uendelee kuwaka hata diski isipopatikana. Ukimaliza kuhariri, endesha findmnt --verify na mount -a kabla ya kuizima mashine.

Wanaosakinisha kwa faili la majibu, linalojibu maswali ya kisakinishi lenyewe, wawe makini zaidi. Preseed ya Debian yenye partman-auto/disk iliyowekwa /dev/sda itasimama ikikutana na vda. Kickstart, faili la majibu la Fedora na Red Hat, inakubali njia ya disk/by-id badala ya sda, na autoinstall ya Ubuntu inaweza kuchagua diski kwa ukubwa au kwa seriali.

UUID nayo ina mahali inapokwama: nakala. Ukinakili mashine pepe, diski zote mbili zina UUID ileile. Kila moja ikikaa kwenye mashine yake, hakuna shida. Ukiichomeka nakala kwenye mashine ya asili ili uokoe faili, /dev/disk/by-uuid itaelekeza kwenye mojawapo tu, na mfumo wa faili wa XFS utakataa kupachika ya pili. Ukitaka kusoma tu, pachika kwa -o ro,nouuid. Ukitaka nakala iwe diski ya kudumu, badilisha UUID yake ikiwa haijapachikwa: xfs_admin -U generate kwa XFS, au tune2fs -U random kwa ext4, ambayo inaweza kukutaka uikague kwanza kwa e2fsck -f. Kisha andika UUID mpya kwenye fstab.