Mke, tumbo na herufi moja ya Kituruki

Juzi niliketi nyuma ya darasa la maandalizi ya Kituruki, nikamsikia mwenzetu mpya kutoka Tanga akimwambia mwalimu, kwa kujiamini kabisa, "evde gidiyorum", akitaka kusema naenda nyumbani, ambayo ni "eve gidiyorum". Wadogo zangu mliofika Oktoba, ninawapenda, lakini makosa yenu ni yaleyale yetu na mnanichosha.

1. Sahauni "-ni" yetu. Sisi husema naenda nyumbani, niko nyumbani, natoka nyumbani, kiambishi hakibadiliki na kitenzi hubeba mzigo wote. Mturuki hudai eve (kwenda nyumbani), evde (kuwa nyumbani), evden (kutoka nyumbani). Miisho hiyo wao huiita hâl, nasi tunalo neno lilelile, hali, kwa hiyo msijifanye hamjawahi kulisikia.

2. Umiliki hutangulia hali: ev-ler-im-de (nyumba, wingi, yangu, katika), yaani katika nyumba zangu, wala si vinginevyo. Katika "mlango wa nyumba" nomino zote mbili huvaa kiambishi: evin kapısı.

3. Zipo nomino ambazo irabu yake ya mwisho huanguka zikipata kiambishi cha umiliki: burun, yaani pua, huwa burnum, ağız, yaani mdomo, huwa ağzım, na karın, yaani tumbo, huwa karnım. Nilifundishwa hayo Jumatatu nikayapuuza. Alhamisi tumbo lilinisokota usiku kucha, na asubuhi nikajikokota hadi zahanati, nikamwambia daktari, "Karım ağrıyor." Nilidhani nimesema tumbo linaniuma, kumbe nimesema mke wangu anaumwa, kwa kuwa karı ni mke. Daktari, mzee mpole, akauliza, "Hamile mi?" Neno hamile sikulijua, lakini kwa adabu tuliyolelewa nayo ya kutobishana na mkubwa, nikajibu, "Evet," yaani ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyothibitisha, nikiwa na umri wa miaka 19 na bila hata mchumba, kwamba mke wangu ni mjamzito. Akachungulia mlangoni, asione mtu, akauliza, "Karın nerede?" Yeye aliuliza mke wako yuko wapi, mimi nilisikia karın la kamusi, tumbo, nikashangaa ni daktari gani huyu asiyejua tumbo la binadamu lilipo. Nikapandisha shati, nikalipapasa, nikasema, "Karım burada, hocam," yaani mke wangu yuko hapa, mheshimiwa.

Nesi alitoka nje akiwa ameziba mdomo kwa faili. Daktari hakucheka, alichukua kikaratasi, akaandika karnım kwa herufi kubwa, akaipigia n mistari miwili, kisha ndipo akaniandikia dawa.