Maswali ya Wasomaji: Kwa nini Al Jazeera America ilizimwa?

Ndugu Mhariri, king'amuzi chetu bado kinaonyesha Al Jazeera usiku na mchana. Shemeji yangu aliyeko Minnesota anashikilia kwamba ilifungwa tangu 2016. Nani mkweli?
*Msomaji, Mombasa*

Nyote wawili. Unayoitazama wewe ni Al Jazeera English, iliyoanza kurusha matangazo kutoka Doha tarehe 15 Novemba 2006. Ya shemeji yako ilikuwa Al Jazeera America, chaneli nyingine kabisa yenye makao New York, wahariri wake na watangazaji wake, akiwemo Ali Velshi, aliyezaliwa Nairobi. Ilianza tarehe 20 Agosti 2013, ikazimwa tarehe 12 Aprili 2016. Mmiliki alikuwa yule yule, mtandao wa Al Jazeera unaogharimiwa na Qatar.

Iweje chaneli yenye fedha kiasi kile ikose watazamaji? Habari zao zilikuwa mbovu?
*Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Dar es Salaam*

Habari zao zilikuwa nzuri, na hilo tunalisema bila kusita. Makala zao za kipindi cha Fault Lines kuhusu kipindupindu Haiti na viwanda vya nguo Bangladesh zilipata tuzo ya Peabody. Walipoanza, matangazo ya biashara yalichukua kama dakika sita kwa saa, chini ya nusu ya yale ya washindani wao. Kilichowaangusha ni njia ya kufikia sebule za watu.

Marekani, kampuni ya kebo, yaani inayofikisha televisheni majumbani kwa waya, huilipa chaneli ada ya kila mwezi kwa kila mteja, kisha huiweka kwenye kifurushi. Chaneli mpya hubisha hodi miaka mingi bila kufunguliwa. Al Jazeera ikaona bora inunue chaneli iliyokwisha kuingia ndani. Januari 2013 ikanunua Current TV, iliyoanzishwa na Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, pamoja na Joel Hyatt, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 500. Vipindi vya Current havikuwa na watazamaji wa maana. Kilichonunuliwa ni mikataba yake na kampuni za kebo, iliyofika takriban nyumba milioni 60. Gawanya mwenyewe: zaidi ya dola nane kwa kila nyumba, kabla hata ya kuajiri mpiga picha mmoja.

Mikataba hiyo ikaanza kuvuja mapema. Time Warner Cable ilitangaza kuiondoa Current mara tu mauzo yalipojulikana. AT&T ikakataa kuibeba chaneli mpya mkesha wa kuzinduliwa kwake, na shauri likafika mahakamani Delaware. Kampuni zote mbili zilikuja kuibeba baadaye, lakini siku ya kwanza chaneli ilifika nyumba kati ya milioni 40 na 50 tu. Majuma ya mwanzo, watu wanapokuwa na hamu ya kuonja kitu kipya, hayarudi.

Hasara kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ilitoka kwenye sharti la intaneti. Kampuni ya kebo haikubali kulipia kitu ambacho mteja wake anakipata bure kwenye kompyuta. Kwa hiyo Al Jazeera English ikafungiwa Marekani: matangazo yake ya moja kwa moja mtandaoni yakazuiwa, na hata video zake nyingi za YouTube. Na Wamarekani walikuwa wameizoea Al Jazeera huko huko mtandaoni, hasa Januari na Februari 2011, Wamisri walipokuwa wamejaa uwanja wa Tahrir. Walioipenda, wengi wao vijana wasio na kebo, wakafungiwa nje. Waliobaki ni wateja wa kebo, watu wa makamo na wazee, ambao wengi wao jina hilo liliwakumbusha kanda za Osama bin Laden zilizorushwa na Al Jazeera. Kuwafukuza unaowajua ili uwabembeleze wasiokutaka ni biashara ngumu.

Tena, kampuni kadhaa ziliibeba kwa picha za kawaida, si HD, na kwenye namba za juu ambako mtu hafiki kwa bahati. Saa za usiku wenye watazamaji wengi, mara nyingi iliangaliwa na watu wasiofika 40,000. Fox News wakati huo ilikuwa na zaidi ya milioni moja na nusu.

Si bei ya mafuta iliyoiua?
*Msomaji, Muscat*

Ilichangia, maana mapato ya Qatar hutegemea mafuta na gesi. Katikati ya 2014 pipa lilizidi dola 100. Tarehe 13 Januari 2016, mkurugenzi mkuu Al Anstey alipowatangazia wafanyakazi kwamba chaneli itafungwa, lilikuwa karibu dola 30. Lakini chaneli yenye watazamaji ingekuwa na wa kuitetea.

Kikundi chetu kinataka kununua chaneli ndogo ya kebo tuirushie Kiswahili. Tukague nini?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Msianze na kamera, anzeni na mikataba ya kubebwa, mmoja mmoja, mkiwa na mwanasheria wa kazi hiyo. Tafuteni kipengele cha kubadili mmiliki: je, kampuni ya kebo inaweza kuvunja mkataba chaneli ikiuzwa? Kisha someni maelezo ya aina ya vipindi. Mkataba uliosainiwa kwa chaneli ya muziki unaweza kukataliwa mkirusha habari, na lugha nayo huweza kuhesabiwa kama badiliko. Angalieni tarehe ya mwisho, kwa sababu mkataba uliobakiza miezi minane hauna thamani ya ule wa miaka mitano. Ulizeni imo kwenye kifurushi gani, na kama HD imetajwa kwa maandishi. Sharti la intaneti lisomeni mara mbili: ni dakika ngapi kwa siku mnaruhusiwa kuweka bure mtandaoni, na je, linagusa chaneli zenu nyingine?

Sehemu ya bei iwekwe kwa mtu wa tatu, ilipwe kampuni za kebo zikishathibitisha kwa barua kwamba zitaendelea kuwabeba. Kiasi na masharti ya kuiachia yaandikwe bila utata. Fedha za namna hiyo ndizo zilizowapeleka Gore na Hyatt mahakamani dhidi ya Al Jazeera mwezi Agosti 2014.