"Dodoso limepitiwa na wataalamu watatu": kwa nini sentensi hiyo haitoshi

Msomaji mmoja anayemalizia shahada ya uzamili ya afya ya jamii ametuandikia akiwa na uchungu. Alitafuta wataalamu watatu, wakapitia dodoso lake, wakasema ni zuri, wakaweka na saini. Mtahini kairudisha kazi. Anauliza: "Sasa walitaka wataalamu wangapi?"

Shida haianzii kwenye idadi. Inaanzia kwenye hilo neno "zuri". Maoni ya mtaalamu ni data kama data nyingine. Kuna swali aliloulizwa, kuna kipimo alichojibia, kuna waliojibu na waliokaa kimya, na kuna aliyepinga na sababu yake. Ukiyakusanya kwa simu na salamu, utabaki na salamu.

Kabla ya kuhesabu watu, jiulize unataka wakuambie nini. Mtaalamu anajibu vizuri maswali ya aina hii: dodoso hili limeacha dalili gani muhimu? Neno hili wagonjwa wa kliniki wanalitumia? Katika mambo 40 tunayoweza kuyapima, yapi yapewe kipaumbele? Yako maswali mengine ambayo hata bingwa wa mabingwa hana namna ya kuyajibu akiwa amekaa kitini, na la kwanza ni hili: tiba hii inasaidia au inadhuru?

Afrika Mashariki ina mfano wake, na unauma. Kwa miaka mingi miongozo ya nchi tajiri ilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali, anayepumua kwa shida na mikono na miguu yake imepoa, apewe maji ya dripu mengi kwa haraka. Mantiki yake inaeleweka: damu haizunguki vya kutosha, basi ongeza maji. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, uliipima hoja hiyo katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Ukiwaacha pembeni watoto wachache ambao shinikizo la damu lilikuwa limeshuka mno, walihusishwa watoto 3,141. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake na matokeo yakachapishwa 2011. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa maji ya haraka yenye albumini (protini ya damu), asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka kabisa. Hiyo ni tofauti ya watoto watatu hivi katika kila mia. Walioandika miongozo ile hawakuwa wajinga wala wazembe. Walijibu swali lililohitaji jaribio.

Upande wa tabia hali ni hiyohiyo. Mwaka 2021 Katherine Milkman na wenzake walichapisha jaribio moja kubwa la Marekani lililohusu wanachama 61,293 wa jimu. Wanasayansi 30 walibuni programu 54 za wiki nne za kuwahimiza watu kufanya mazoezi, zote zikajaribiwa kwa wakati mmoja. Kisha watu wengine, wakiwemo maprofesa wa afya ya jamii na wataalamu wa mabadiliko ya tabia, waliombwa kubashiri ipi itafanya vizuri. Ubashiri wao haukuendana na matokeo. Iliyoongoza ilikuwa zawadi ndogo kwa mtu anayerudi jimu baada ya kukosa siku aliyopanga.

Kwa hiyo mtaalamu akikuambia "njia hii inafanya kazi", usiandike "inafanya kazi". Muulize ameona nini, kwa wagonjwa wangapi, kwa muda gani, na waliopotea njiani walikuwa wangapi. Hapo umetoka kwenye maoni, umeingia kwenye ushahidi. Unaweza kuwa dhaifu, lakini unapimika.

Turudi kwenye dodoso, maana ndilo lililomrudisha mwenzetu darasani.

Tafuta watu sita hadi kumi, na wachanganye: wawili wanaotibu hali unayoipima, wawili wanaojua utengenezaji wa vipimo, mmoja wa lugha, na angalau muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeongea na wahusika kila siku. Msimamizi wako asiwemo, kwa sababu tayari yumo ndani ya kazi. Kila mmoja mtumie karatasi moja inayoeleza dhana unayoipima kwa sentensi tatu nne na watu utakaowapima, halafu maswali yenyewe. Mbele ya kila swali weka kipimo cha 1 hadi 4: 1 halihusiani, 2 linahusiana kidogo, 3 linahusiana, 4 linahusiana sana. Uwazi wa lugha upimwe kwenye safu yake, kwani swali linaweza kuhusiana kabisa na dhana na bado lisieleweke. Acha nafasi ya maoni, na mwishoni uliza: nini kimekosekana? Wape wiki mbili, na kumbusho moja katikati.

Usiwaite kwenye kikao. Kwetu huku, akishafungua mdomo daktari bingwa au profesa, waliobaki "wanaunga mkono hoja". Utarudi nyumbani na maoni ya mtu mmoja yenye saini nane.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kila swali, hesabu waliotoa 3 au 4, gawanya kwa idadi ya wote waliojibu. Watano kati ya sita ni 0.83, linapita. Wanne kati ya sita ni 0.67, haliwezi kubaki lilivyo. Mpaka unaotumika sana kwa watu sita hadi kumi ni 0.78, na unatokana na kazi ya Mary Lynn ya 1986. Wakiwa watano au pungufu, wote lazima wakubaliane. Sababu ni bahati tu: hata kama watu watatu wangejibu kwa kurusha shilingi, kuna nafasi moja kati ya nane kwamba wote watatu watasema ndiyo. Wakiwa sita, nafasi hiyo inashuka hadi moja kati ya 64. Hapo ndipo wale watatu wa msomaji wetu walipokwama, hata kama wangetumia kipimo. Wastani wa maswali yote uwe 0.90 au zaidi.

Wengine hutumia fomula ya Lawshe ya 1975, ambayo huuliza kama swali ni la lazima au la. Chukua walioitikia "lazima", toa nusu ya jopo, gawanya kwa nusu ya jopo. Wanane kati ya kumi: 8 kutoa 5 ni 3, gawanya kwa 5, unapata 0.60. Jedwali lake linataka 0.62 kwa watu kumi, kwa hiyo swali limeanguka kwa upenyo mwembamba. Chagua njia moja kabla ya kutuma fomu. Kuchagua baada ya kuona majibu ni kuvuta kamba upande unaoutaka.

Sasa tahadhari ambayo hesabu haikuambii. Swali likianguka, usikimbilie kulifuta. Soma kwanza maoni ya aliyetoa 1. Pengine ndiye pekee anayelijua. Na swali likipita kwa kishindo, usilewe.

Angalia kipimo cha Edinburgh cha sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) baada ya kujifungua, cha 1987, chenye maswali kumi. Swali la sita kwa Kiingereza linatumia msemo wa mambo "kuja juu" ya mtu, maana yake yamemlemea. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "mambo yamekuwa yakinipanda". Mwenzake akilirudisha kwenye Kiingereza neno kwa neno, litarudi vilevile, na jopo la madaktari wanaosoma Kiswahili huku Kiingereza kikiwasemea kichwani watalipa 4. Mpelekee mama wa Tanga aliyejifungua wiki tatu zilizopita. Kwake kinachompanda mtu ni presha au mashetani. Atajibu kwa uaminifu kuhusu mashetani, nawe utaandika alama ya sonona. "Mambo yamenizidi" lingemaliza kazi, lakini mwenye uwezo wa kukuambia hivyo ni yule mama.

Ndiyo maana baada ya jopo kunafuata mahojiano na walengwa wenyewe, watu kumi hivi kwa kuanzia. Msomee swali, kisha mwambie: "Lieleze kwa maneno yako, linauliza nini?" Usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo, kwa heshima. Akisita, andika amesita wapi. Rekebisha, kisha rudia na watu wapya.

Kama kazi yako si dodoso bali ni kutafuta makubaliano, mfano dalili zipi ziingie kwenye mwongozo, njia iliyozoeleka ni Delfi, iliyoanzia shirika la RAND huko Marekani miaka ya 1950. Washiriki hawajuani. Wanajibu duru mbili au tatu, na kati ya duru kila mmoja anarudishiwa alama yake pamoja na alama ya kati ya kundi, ili abadilishe au ashikilie. Mpaka wa makubaliano, mara nyingi asilimia 70 hadi 80, uandikwe kwenye pendekezo la utafiti kabla ya duru ya kwanza. Watu hupungua kila duru, basi ukitaka umalize na 15, anza na 20 au zaidi. Orodha ya Susan Michie na wenzake ya 2013, yenye mbinu 93 za kubadili tabia katika makundi 16, ilijengwa kwa kutumia majopo ya wataalamu namna hii. Inatupa majina ya pamoja ya mbinu. Haituambii ipi inafanya kazi Mbagala.

Mambo mawili yanasahaulika. Wataalamu nao ni washiriki, kwa hiyo uliza kamati ya maadili mapema kama wanahitaji fomu ya ridhaa. Na kila mmoja aeleze maslahi yake: anayeuza dawa au aliyetunga kipimo kile anaweza kusikilizwa, ila asipige kura kuhusu hicho.

Sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, sasa iandikwe kwa mtindo huu, ukiweka takwimu zako: "Dodoso la maswali 24 lilitumwa kwa wataalamu 8, 7 walijibu. Maswali 4 yalikuwa chini ya 0.78, 2 yaliondolewa na 2 yaliandikwa upya. Wastani wa yaliyobaki ulikuwa 0.92." Kisha weka jedwali lenye safu tatu: swali lilivyokuwa, mtaalamu alichosema, ulichofanya. Pale ulipokataa ushauri, andika sababu kwenye safu hiyo ya tatu. Jedwali liende kwenye kiambatisho, na utaje namba yake ndani ya sura, kwani mtahini hataenda kulitafuta.